Muuaji ni Mwenye Ufunguo

Jumatatu, 2 Juni

Muuaji ni mwenye ufunguo. Amesema hivyo tena Dancan, mkurugenzi wa filamu, leo saa nne asubuhi, ofisini kwake juu ya saluni, kwenye kituo cha Kawangware 56. Nilikuwa nasahihisha ukurasa wa kumi na mbili wa mswada. Nikamaliza sentensi, nikaweka kalamu.

"Mathe, muvi ya kusisimua bila muuaji ni mahubiri tu," alisema, akiniita mama kwa lugha ya vijana. "Watu wakitoka ukumbini lazima wajue ni nani."

Riwaya yangu, ambayo filamu inatokana nayo, haina muuaji. Mhubiri anafungiwa chumbani siku saba, afunge na kuomba. Mwanamke anakaa nje na ufunguo. Siku ya saba mlango unafunguliwa mbele ya waumini wote. Chumba kitupu, na hakina dirisha. Riwaya inaishia hapo. Alichukuliwa na Mungu, aliuawa au alitoroka, msomaji aamue.

Dancan hajui kwamba kisa ni cha kweli. Kilitokea hapa hapa Kawangware miaka kumi na minane iliyopita, katika kanisa dogo la kanzu nyeupe nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Mimi ndiye niliyekiripoti gazetini. Mhubiri aliitwa Mwalimu. Polisi walihoji watu, hawakupata mwili, wakafunga faili. Mwenye ufunguo yuko hai. Anaitwa Mama Robai. Siku hizi anauza makaa mtaa wa Silanga.

Mkataba haunipi neno lolote juu ya mwisho wa filamu. Nilisaini nikiwa nimeusoma.

Jumanne, 3 Juni

Mvua. Kurasa ishirini. Katika mswada mpya mwenye ufunguo anatia sumu kwenye jagi la maji. Nilimwita Selina. Nilimbadilisha jina, kabila, mtaa, hata umri. Kitu kimoja sikubadilisha: ufunguo unaning'inia shingoni mwake kwa uzi mwekundu wa kufumia sweta.

Mhariri wangu wa kwanza alikuwa akisema kitu kimoja cha kweli hubeba kumi vya kubuni. Nimeishi kwa kanuni hiyo.

Kurasa za majaribio, zenye sumu hiyo na uzi huo, zilishatolewa kwa waigizaji wiki jana. Nusu yao ni watu wa Kawangware. Maana yake kanisa limeshajua.

Alhamisi, 5 Juni

Silanga. Nimetembea kutoka nyumbani, mtaa wa Olympic, hadi kule chini karibu na bwawa.

Kabla sijafika kwenye makaa, muuza sukuma wiki wa kibanda cha pili alipaza sauti. "Selina! Mgeni wako huyo! Mwambie asikubali maji!" Wenzake wakacheka; uvumi wa jagi la sumu umeshafika hadi Silanga. Mama Robai hakugeuka. Alikuwa anajaza mkebe, akausawazisha kwa kiganja, akampa mteja.

Ufunguo uko shingoni. Uzi ni ule ule, au mwingine wa rangi ile ile.

"Dada," aliniambia, "uzi uliuandika kwa nini?"

Nikamwambia nilidhani hakuna atakayeutambua.

"Watu wana macho. Huu naoga nao."

Hakupandisha sauti. Angefanya hivyo ingekuwa rahisi kwangu.

Habari yenyewe ni hii, na ameisema yeye: wazee wa kanisa wamemtaka arudishe ufunguo Jumapili ya tarehe 15, baada ya ibada. Hawataki mtu anayeitwa muuaji mtaani awe mlinzi wa mlango. Ameushika tangu binti yake akiwa darasa la pili. Aliondoka Kawangware kwa sababu ya minong'ono ile ya kwanza, lakini desturi inaendelea, na kila anapofungiwa mtu kuomba, yeye huvuka kutoka Silanga alfajiri na kwenda kukaa mlangoni.

"Wakiuchukua nitabaki muuza makaa," alisema. "Na wauza makaa ni wengi."

Niliomba msamaha mara moja. Mara ya pili ingekuwa kwa ajili yangu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwambia Dancan kwamba kisa ni cha kweli, na mwenye ufunguo yuko hai.

"Tutaandika mwanzoni ni hadithi ya kubuni."

"Silanga hawatasoma mwanzoni."

Akafikiri. Si kijana mbaya. "Kwani alimuua?"

Nikasema sijui. Kisha nikaisikia sentensi yangu mwenyewe. Miaka kumi na minane. Polisi walimuuliza, mimi nikanukuu polisi. Waumini walisema yao, nikanukuu waumini. Yeye mwenyewe sikumuuliza hata siku moja. Niliandika kwamba "hakupatikana kutoa maoni". Alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua kumi kutoka niliposimama.

Dancan amenipa hadi Jumatatu ya tarehe 16. "Niletee mwisho mwingine unaokaba koo, huu nauchoma. La sivyo, Selina na jagi lake." Kisha akaomba jambo ambalo sikulitarajia. Anataka Mama Robai amfundishe mwigizaji wake, Mwende, jinsi mlango unavyolindwa. Nikamwambia hilo ni tusi. Akasema nimuulize tu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemuuliza Mama Robai yote mawili.

La Mwende kwanza. Amekubali. "Akinikalia benchi vibaya, watasema mimi ndivyo nilivyokaa."

Kisha nikamuuliza kama alimuua Mwalimu.

Aliweka koleo chini. Akacheka, cheko fupi la puani. Akanieleza kwanza desturi yao, nayo naweza kuiandika. Anayefungiwa huomba kwa sauti. Hulia, hutaja makosa yake, hutaja watu kwa majina. Mlinzi husikia kila neno kwa sababu mbao ni nyembamba. Siku anapokabidhiwa ufunguo huapa: ya mlangoni hubaki mlangoni. Hamwambii mumewe, polisi wala mwandishi.

Kisha akanijibu, kwa sharti kwamba nami nitunze ya mlangoni. Jibu lake sitaliandika humu. Ninachoandika ni kwamba hakumuua, na kwamba ninamwamini. Nilipomaliza kumsikiliza nilitazama mikono yangu. Daftari lilikuwa limefungwa.

Jumanne, 10 Juni

Kanisani, Kawangware. Chumba kiko nyuma, cha mabati na mbao, mlango mmoja. Nilikaa pembeni.

Mwende ana miaka ishirini na saba. Wazazi wake walitoka Kitui, yeye amekulia hapa. Anaongea sana. Mama Robai alimweka kwenye benchi, mgongo kwa mlango.

"Shosh, si nikae nikiutazama?" aliuliza, kana kwamba ni bibi yake.

"Ukiutazama unakuwa askari. Geuka."

Maji huwekwa chini asubuhi na jioni. Unagonga mara mbili. Hupaswi kujibu ukiitwa, isipokuwa kwa jambo moja.

"Jambo gani?"

"Ukikaa utajua."

"Na nikishikwa na mkojo?"

"Unakojoa kabla ya kuja. Mlinzi si mtoto."

Mwende akacheka mpaka akashika ubavu. Mama Robai pia, kidogo. Baadaye wakanyamaza, saa mbili nzima. Sijawahi kumwona mwigizaji akikaa hivyo bila simu.

Jumatano, 11 Juni

Tena benchini, siku nzima. Mimi sikuwa na kazi pale. Nilienda hata hivyo.

Mwisho anaoutaka Dancan ninao, ule wa kweli alionieleza Mama Robai. Siwezi kumpa. Nimeandika mingine mitatu na yote ni mibovu: mzee wa kanisa mwenye wivu, ndugu kutoka kijijini, shimo chini ya sakafu. Nimeisoma kwa sauti jikoni. Nimeichana.

Nimefikiria kumdokezea Mwende. Neno moja tu. Ningemwokoa Mama Robai kwa kumfanya mlinzi aliyevunja kiapo. Sikumdokezea.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi ya tukio la mlango, ofisini kwa Dancan. Mlango wa stoo ndio mlango. Naandika kwa mpangilio, kama nilivyoona.

Mwende benchini, ufunguo wa bandia shingoni. Mwigizaji wa Mwalimu ndani. Mama Robai kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, kwa mwaliko wa Mwende. Mswada unasema: siku ya tatu, Mwalimu anaomba chakula, Selina anakaa kimya, kisha anakwenda kuchanganya sumu. Dancan alimwambia yule wa ndani aombe anavyotaka, maneno yatarekebishwa baadaye.

Mwigizaji hakuomba chakula. Aligonga kwa kiganja. Akasema, "Nimemwita Mungu siku tatu. Hakuna anayeitika. Nimechoka kujifanya nasikia. Nifungulie niende nyumbani."

Mama Robai alisimama. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi.

Mwende alikaa. Nilihesabu pumzi zake, kama kumi hivi. Kisha akainuka, akavua uzi shingoni, akafungua.

"Kata!" Dancan. "Nani amekwambia ufungue?"

"Hakuna."

"Mswada unasema ufungue?"

"Mtu ameomba kutoka, na ufunguo ninao mimi. Ulitaka nifanye nini, boss?"

Mama Robai alinigeukia. Sitasahau uso ule. Nilitikisa kichwa: si mimi niliyemwambia. Sidhani aliniamini.

Dancan akatazama mlango uliokuwa wazi. Halafu, polepole: "Sawa. Ametoka, ameenda. Sasa wewe utafanya nini?"

Mwende alitazama stoo tupu. Alifunga mlango. Akazungusha ufunguo. Akachukua jagi, akaliweka chini, akagonga mara mbili. Akakaa, mgongo kwa mlango.

"Kwa nini?" Dancan aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Si kuna waumini huko nje wanaimba siku zote saba? Wanaimba kwa sababu wanajua yuko ndani."

Dancan aliketi sakafuni. "Siku nne," alisema. "Siku nne anapeleka maji chumba kitupu. Sisi tunajua. Hao hawajui. Na siku ya saba inakuja." Akashika koo lake mwenyewe, nadhani bila kujua.

Nilipogeuka, kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Mama Robai ameondoka bila kuaga.

Ijumaa, 13 Juni

Silanga mapema. Muuza sukuma wiki ameanza tena: "Selina!" Nilimjibu kwamba Selina ana jina, na ni Mama Robai. Akashangaa kuona mtu mzima amekasirika.

Nilijiandaa kujitetea. Haikuhitajika.

"Najua hukumwambia," Mama Robai alisema. "Ungemwambia, angefungua haraka. Yule alikaa kwanza."

Nikauliza kama Dancan aendelee na mwisho huo. Kanisa lina watu wanaoamini hadi leo kwamba Mwalimu alichukuliwa juu. Filamu itawaonyesha vingine.

Alipanga makaa kwanza.

"Mwisho huo ni wa msichana. Langu sijalisema hadharani. Atakayetaka kuamini ataamini, mlango ulikuwa umefungwa."

Na Jumapili? Atawaambia nini wazee?

"Kitu gani? Nitawaambia nini ambacho si cha mlangoni?"

Nikanunua mkebe mmoja wa makaa ambao siuhitaji. Natumia gesi.

Jumapili, 15 Juni

Nimeenda ibadani. Nilikaa nyuma. Sikualikwa, sikufukuzwa.

Baada ya ibada wazee watatu walisimama mbele. Mkubwa wao alimwita Mama Robai, akamuuliza mbele ya wote: Mwalimu alikufa mikononi mwako? Alijibu, "Mimi ni mlinzi." Aliulizwa tena. Alijibu vile vile. Mzee akanyoosha mkono. Mama Robai akavua uzi, akampa ufunguo. Hakulia.

Kisha mzee akauliza ni nani ataupokea.

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Aliwatazama kina mama wa mstari wa kwanza. Mmoja akainamisha kichwa. Wa pili akasema ana presha. Wa tatu, fundi cherehani wa makamo, akasimama. Nilidhani anaupokea.

"Mimi nilifungiwa siku saba," alisema. "Wengi mlikuwa nje. Niliyoyasema mle ndani nikiyasema hapa, mume wangu ataondoka leo. Huyu mama aliyasikia yote. Kuna mtu hapa ameyasikia kutoka kwake?"

Akageuka, akawatazama safu kwa safu.

"Basi msimwulize ya Mwalimu. Akijibu ya Mwalimu, yangu pia yataulizwa."

Mwanamume mmoja mwenye kilemba akasimama. Kisha wengine: wawili, watano, safu nzima ya dirishani. Kila aliyesimama alikuwa amewahi kufungiwa. Mwisho alisimama mmoja wa wale wazee watatu, pale pale mbele, akitazama viatu vyake.

Mkubwa wao alishika ule ufunguo kwa muda. Kisha akamrudishia. Mama Robai akauvaa, akauingiza ndani ya kanzu, akaenda kusaidia kukunja viti.

Sikuandika chochote nikiwa mle ndani. Nimeandika sasa, nyumbani, saa kumi alasiri.

Jumatatu, 16 Juni

Mswada mpya umepita. Dancan amethibitisha saa tano asubuhi. Hakuna sumu, hakuna muuaji. Mwende anapeleka maji siku nne.

Nimeomba badiliko moja. Ufunguo wa Selina uning'inie kwa kamba ya katani. Mtu wa mavazi alilalamika kwamba nyekundu inaonekana vizuri kwenye kamera. Nilimwambia ndiyo, inaonekana vizuri sana.

Dancan alitaka kurekodi kwenye mlango wa kweli. Alimpigia Mama Robai mwenyewe. Haiwezekani wiki hii. Kuna mtu anaingia Jumatano, siku saba, na mlinzi atakuwa kazini.

Fundi wa kituo cha 56 anajenga mlango mwingine wa mbao nyembamba. Tunarekodi Alhamisi, tarehe 19, saa tatu asubuhi.