Vidonge Vilivyomwagwa Chooni

Jumatano, Nakuru, 1974

Amevimwaga chooni! Vidonge vyangu vya zamani, chupa nzima. Jana daktari aliniongezea vingine, nimeze vyote pamoja ili hii mikono iache kutetemeka. Dada yangu Wanjiku, aliyekuja kuniuguza, hata hakuniuliza.

"Si umeletewa dawa mpya? Ya zamani ni ya nini tena?"

Huko kwake Olenguruone kwenye baridi watu huvaa koti juu ya koti, lakini dawa juu ya dawa haimwingii kichwani!

Mwenye duka la dawa anasema zingine zitafika Jumatatu. Tangu mchana nimekakamaa kama gogo. Kalamu yenyewe...

Nilimfokea Wanjiku mpaka sauti ikaniisha. Jioni akaniletea uji, akauchota kwa kijiko. Nikafungua mdomo.