Kompteri yenye haikusimama

Danielle, usinipigie simu. Soma tu.

Ile namba kubwa ya kompteri ya umeme yenye nilikuonyesha dimanche kisha misa. Leo agent wa courant alikuja. Alizimisha disjoncteur, kila kitu mu nyumba ikazimika. Kompteri ikaendelea kuzunguka.

Tulisimama tunaiangalia. Ilikuwa inazunguka tu.

Anasema: "Mama, kuko muntu mwingine mu kamba yako ya courant." Tukaifwata. Inapita chini ya mihogo yangu, inaingia kwa Papa Casimir.

Parrain wetu, mwenye alitusimamia ku ndoa miye na bwana yangu, Danielle. Ule mwenye nilikuwa naita kila mwezi akuje kuombea ile kompteri, namba ishuke. Alikuwa anaweka mukono juu yake, anafunga macho.

Alifungua mulango, akaona agent anashika kamba. Haya haikumushika. Ananiambia: "Mutoto yangu, jua ni kali, ingia unywe maji."

Akafungua frigo. Imejaa chupa na samaki ya Kapolowe, yote barafu.

Miye frigo yangu niliizimisha tangu Pasaka, juu ya kupunguza courant.

Nikakunywa kopo muzima. Maji ilikuwa baridi sana.

Na nikamuambia: "Asante, parrain."