Pijo au Pikapu

Theodosia mdogo wangu,

Maharage yapo jikoni, ongeza maji. Fagia na uwanja, leo narudi na gari kutoka kwa Mzee Omary, Kasulu.

Gari lipi kati ya yake mawili? Hata sijui. Wiki nzima mama ananicheka: "Hiyo Pijo utapakia nini, mashairi?" Nikakaza shingo, maana nilitaka Pelagia, siku ya harusi, aingie kwetu kama malkia. Jana Pelagia mwenyewe kasema: "Chukua pikapu. Shangazi zangu wanaonisindikiza wakikosa nafasi, nashuka natembea nao."

Asubuhi hii nikamwambia mama ameshinda. Hakucheka. Aliweka jembe chini: "Chukua Pijo, mwanangu. Mimi baba yako alinileta kwa miguu toka Munanila. Sitaki mkeo aletwe na gari la magunia."

Nimeondoka bila kunywa uji. Beti zangu za kuisifia Pijo nimezichana, tena naanza kuzijutia.

~~Nachukua Pijo.~~
~~Nachukua pikapu.~~

Ukisikia honi, mtoe mama nje, umtazame usoni kabla sijazima injini. Akinuna, nipungie mkono. Nitageuza papo hapo.

Kaka yako,
Venanti