Siku Nilipofua Nguo za Lorne

Nyumba ya Juu ya Daraja,
Kijiji cha San Eloy,
Gualaceo, Ekwado.
23 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Verna,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Hujambo? Goti lako linaendeleaje? Na baridi ya Saskatchewan, imeshaanza kuuma au bado inawadanganya na vijua vyake? Mimi ni mzima. Shemeji yako Lorne yu hai. Naliandika hilo mapema kwa sababu jana, kwa muda wa saa nzima, nilikuwa mjane.

Barua yako niliipata. Uliniuliza swali moja na ukalipigia mstari mara mbili: mmoja wenu akifa huko ugenini, nani atamzika? Ukasema chumba cha juu kiko tayari, tuuze nyumba turudi kabla ya Krismasi. Kusema kweli, moyoni nilikuwa nimeshakubali. Miaka kumi na moja tuko hapa na bado nilituona wageni tu, wa kusalimiwa na kuuziwa mayai. Lorne hataki hata kusikia habari ya kuhama. Nilikuwa nimepanga kumkabili jana jioni, kazi za siku zikiisha.

Ujue kwanza kwamba alikuwa mgonjwa. Ijumaa kifua kilimbana, daktari akaja kutoka mjini, akampima, akaondoka na uso mzito. Nikafunga madirisha ya mbele ili apumzike. Jumamosi nikanunua paketi mbili za mishumaa dukani kwa jirani yetu Mama Targelia, maana umeme siku hizi unakatwa kila mara. Sikumweleza chochote. Unatujua sisi tulivyolelewa, ugonjwa wa nyumbani hautangazwi. Siku nne hizo hakuna mtu aliyemwona Lorne.

Jana, Jumanne, aliamka ana nafuu, tukagawana kazi. Yeye aende mjini kuchukua majibu ya vipimo vya moyo na kujaza mtungi wa gesi. Mimi nibaki nifue, maana nyumba nzima ilinuka jasho na dawa ya kuchua. Nilikusanya kila kilicho chake: suruali, mashati, blanketi, kofia, hata viatu. Nilikusanya kwa bidii mpaka mwenyewe akakosa cha kuvaa isipokuwa suti yake nyeusi ya harusi na viatu vya suti hiyo. Akaivaa huku akinung'unika, akadandia lori la maziwa la kijiji cha pili wakati ukungu bado umetanda. Bombani hakukuwa na maji, basi nikajitwika beseni, kofia yake juu, nikashuka mtoni.

Nilikuwa nimeshafua nusu ya beseni nilipomwona Targelia darajani. Alisimama, akajishika mdomo. Kisha akashuka, akavua viatu, akaninyang'anya shati la Lorne na kuanza kulisugua, machozi yanamtoka. Nikadhani kagombana na mumewe. Wakaja wanawake wengine wawili na shali nyeusi, kila mmoja akachukua nguo moja ya Lorne akaanza kufua.

Mwisho Targelia akanishika bega. "Pole, mwenzangu. Alikuwa mtu mwema. Mungu amemchukua."

"Amemchukua nani?"

"Mzee wako, jamani!"

Verna, sijui nikwambieje. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na simu yangu haikuwa na chaji tangu juzi. Nikajua moyo umemshinda njiani, dereva kapiga simu kijijini, na mimi mkewe ndiye wa mwisho kuambiwa. Nikakaa majini na gauni langu. Soksi moja ya Lorne ikaenda na maji, na nilipiga mayowe kwa ajili ya soksi ile kama kwamba ndiyo yeye mwenyewe.

Wakaniinua, wakanipandisha nyumbani wakinishika huku na huku. Uani kwangu nilikuta viti vimepangwa, sufuria kubwa ya mote, mahindi yao ya kuchemsha, jikoni, kuku wawili wamefungwa miguu, na watu kama arobaini, wanaume wameshika kofia mkononi. Mesías, mume wa Targelia, alisimama mbele na sepeto, buti zake zimejaa udongo. Nikawauliza wamemlaza wapi, nataka kumwona.

"Kumwona?" akasema Targelia. "Si umeshamzika?"

"Mimi? Nimemzika lini?"

"Sasa leo unafua siku ya tano ya nani?"

Hapo ndipo akili ilipoanza kunirudi. Huku mtu akifa, siku ya tano ndugu na majirani hushuka mtoni pamoja kufua nguo zake zote, mpaka kofia, mpaka viatu. Nilikuwa nimewahi kulisikia kwa sikio moja, halikunikaa. Wao walikuwa wameona daktari Ijumaa, madirisha yamefungwa, mishumaa Jumamosi, mume haonekani, na Jumanne mke anashuka mtoni na kofia ya mume juu ya beseni. Wangefikiri nini kingine? Walishaamua kwamba nimemzika mjini kimyakimya. Mesías akanieleza kwa sauti ya chini kwamba amefungua nafasi makaburini, pembeni mwa mama yake mwenyewe, na kwamba kesho wangeenda mjini kuomba ruhusa wamlete. "Hawezi kulala na watu asiowajua," akasema.

Sikupata hata nafasi ya kumjibu. Honi ya lori la maziwa ikalia, na akashuka Lorne ndani ya suti nyeusi, mtungi wa gesi begani.

Nimewahi kusikia kelele, lakini si kama zile. Bibi mmoja alipiga magoti na kufanya ishara ya msalaba, wanaume wakaangusha viti, na kuku mmoja akakata kamba, hajapatikana mpaka leo. Lorne akasimama, akatutazama wote, akauliza, "Nani kafa?"

"Wewe!" akasema Mesías.

Lorne akaitazama suti yake. "Mbona sikuambiwa?"

Targelia alimwendea, akamfinya shavu kwa nguvu kuhakikisha, kisha akamchapa bega. "Mzee mjinga wewe! Tumekulilia tangu asubuhi, nawe unatembea na mtungi!" Mimi nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili huku nikilia, mpaka watu wakanikumbusha kwamba kifua chenyewe ni kibovu.

Nilidhani yameisha. Lo! Targelia akanigeukia mimi, na sijawahi kusemwa hivyo tangu mama yetu afariki.

"Siku nne mtu yuko kitandani, na mimi niko hatua ishirini! Unamfungia ndani kama mbuzi wa wizi! Sisi kwako ni nini, ukuta? Akifa kweli, ole wako ushuke mtoni peke yako. Nitakutosa na beseni lako!"

Niliona aibu, mdogo wangu. Nilikuandikia mara ngapi kwamba watu wa hapa hawatufungulii mlango? Kumbe komeo lilikuwa upande wetu.

Chakula cha msiba hakirudishwi, basi kikaliwa. Marehemu alikula sahani mbili. Kisha akawasomea watu wote majibu ya vipimo, jambo ambalo hatujawahi kulifanya maishani: moyo umechoka, huenda una mwaka, huenda kumi, na asibebe mtungi. Hakuna aliyetoa maneno ya kutufariji bure. Mesías aliuchukua tu ule mtungi akaenda kuufunga jikoni, akasema kuanzia sasa hiyo ni kazi yake.

Jua lilipopoa Lorne alitaka kuliona shimo. Tukaenda watatu. Lilikuwa linafika magotini, limekatwa vizuri, na mto unaonekana kwa chini. Alisimama pale na suti yake ya harusi, halafu akauliza kwa sauti ndogo kama wawili wangeenea. Mesías akapima kwa mpini wa sepeto. Akamtazama Lorne, akanitazama mimi, hasa hapa kiunoni, akafikiri.

"Tukibanana," akasema, "nafasi ipo."

Hilo ndilo jibu la swali lako, Verna. Usikasirike. Chumba cha juu mpe mtu mwingine, nawe mwezi wa pili uje utuone tungali tunakula.

Nisalimie shemeji Dale, shangazi Edith na watoto wako Curtis na Joanne. Mungu akulinde wewe na goti lako, na akujalie majirani wanaochungulia dirishani.

Dada yako akupendaye, mke wa mtu aliye hai mwenye soksi pungufu moja,

Arlene