Gunia la Fungate

Na leo pia tumerudi na deni. Hii ndiyo safari ya tatu ya ofisi ya tarafa, shajara yangu, na jana nilikuandikia kwa majivuno kwamba tunakwenda kuumaliza uongo huu. Ni Jumatano, jua limewaka tangu asubuhi na hakuna jani linalotikisika hapa Kikole. Nimevua viatu, miguu imevimba, nimeegemea ukuta ambao udongo wake bado unanukia upya.

Nimechoka mpaka kalamu naiona nzito.

Lakini niandike kwanza lililo jema. Selemani amenibebea mkoba njia nzima, kwenda na kurudi. Mzee mmoja tuliyepishana naye alimwambia, "Kijana, mkoba unakupendeza, bado khanga tu." Naye akajibu, "Khanga iko nyumbani, babu. Shikamoo." Nilicheka mpaka nikasimama. Miezi saba ya ndoa, na bado mtu huyu akigeuka kunitazama nasahau nilichokuwa nasema.

Sasa deni lenyewe, ili siku nikisoma haya uzeeni nisijidhanie nilikuwa mwizi.

Wakati wa njaa serikali iligawa unga wa yanga, ule wa manjano, gunia moja kwa kila kaya. Sisi tulipokea letu hapa, tulipohamia kijiji kipya, na Selemani alitia saini mbele ya watu. Kisha ikaja barua: kaya yetu ilipokea magunia mawili, moja Kikole na moja Pande, kwa wazazi wangu. La pili tulirudishe, la sivyo thamani yake itakatwa kwenye korosho zetu msimu huu.

Korosho hizo zina kazi. Nyumba yetu haina mlango. Kuna khanga yangu tu iliyotundikwa, na kila apitaye anajua tumekula nini. Tulishakubaliana na seremala, mbao na bawaba. Nimeuota mlango huo mpaka mlio wake naujua.

Kosa lilivyoanza nalijua pia. Karani wa kuhesabu kaya alifika Pande siku ya nne ya fungate yetu. Kwetu bwana harusi hukaa siku saba nyumbani kwa bibi harusi, wote wawili wako ndani, na wazazi wa mke ndio wanaowalisha. Hatukuweza kutoka kuhesabiwa. Nilimsikia akimwuliza baba, "Humu mna nani?" Baba akasema, "Mwanangu na mumewe," kwa sauti ya mtu aliyenunua ng'ombe. Karani akaziona jozi mbili za kandambili mlangoni, akaandika kaya mpya. Sisi ndani tulizibana vinywa kwa viganja tusicheke.

Kwa hiyo leo niliingia ofisi ya tarafa na hoja nimeipanga kama insha ya mtihani. Tulihesabiwa mara mbili, ndiyo, lakini tulipokea mara moja. Mimi na mume wangu tunajua kuandika. Tuonyesheni saini yetu.

"Ndugu Zainabu," karani wa ofisini akasema, naye alionekana amechoka kuliko mimi, "mimi siamui kitu. Mimi nasoma karatasi."

"Basi zisome na sisi tukiona, ndugu."

"Shule hizi zimewaharibu," akasema, lakini akainuka, akaitoa orodha ya Pande.

Kwenye mstari wetu palikuwa na alama ya dole gumba, kwa wino wa zambarau. Si saini. Nilikuwa nimeshinda. Niliishika karatasi juu ili Selemani aone.

Ndipo nikaiona vizuri. Ilikuwa fupi, ncha yake imekatika mshazari.

Panga lilimpunguza baba kidole kabla sijazaliwa. Nimekwenda chuoni kusoma Kurani nikiwa nimekishika kidole hicho. Pande nzima hakuna mwingine mwenye dole kama hilo.

Nikakumbuka ming'oko. Siku zile majirani walichemsha mizizi hiyo ya porini asubuhi na jioni, watoto wao wakilia kwa kuichoka. Sisi tuliletewa ugali wa manjano na mikate, sinia limefunikwa kawa, tangu siku ya tano mpaka fungate ikaisha. Nilidhani baba ameuza kitu. Sikuuliza. Nilikuwa nimejaa furaha, na mtu aliyejaa furaha haulizi unga umetoka wapi.

"Mnamjua mwenye dole hili?" karani akauliza. "Nitajieni, deni linahamia kwake, nyinyi mnakwenda zenu."

Baba ni balozi wa nyumba kumi. Wangemsimamisha kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wale wale waliokula ming'oko. Niliirudisha karatasi mezani.

Selemani aliitazama ile alama, akanitazama mimi. Yeye naye amepeana mkono na baba mara nyingi.

"Ndugu, unga huo uliliwa," akasema. "Mlaji ni mimi. Kata korosho."

"Safari tatu unakana, leo unakubali?"

"Leo ndiyo nimekumbuka utamu wake."

Akatia saini yake nzuri yenye mkia.

Njiani nilikuwa na hasira na sijui nimpe nani. Deni si letu. Hatukuomba gunia, hatukuweka dole, tulikula tulichopakuliwa. Ningeweza kushinda leo, kwa jina moja tu.

Nilimshika Selemani mkono, watu wakituona, wala sikujali.

Mlango utasubiri msimu mwingine. Khanga nimeifua, naye sasa hivi anaitundika tena. Ameipindua, maandishi yako kichwa chini, na anaonekana ameridhika sana na kazi yake. Sitamwambia.

Baba, haya hutayasoma, lakini wacha niyaandike. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Pande, mimi na mkweo. Sitakuuliza lolote. Tutabangua korosho pamoja, utuambie habari za watu wako wa nyumba kumi. Na kandambili zetu safari hii tutaziingiza ndani.