Chupa Isiyopungua

Shangazi Marsaili mpendwa,

Nisaidie, na nakuomba usianze kucheka mpaka ufike mwisho, maana hapa nimekaa jikoni, mlango nimeufunga, na moyo unanidunda kama mtu aliyeiba. Shule niliacha mapema nikaenda kusafisha samaki kiwandani, kwa hiyo mwandiko wangu utauvumilia. Jina langu usilitoe gazetini, wala la mume wangu Tormod, ambaye ni mzee wa kanisa, wala la binti yetu Mairead, ambaye ni nesi kule Glasgow, na ikiwezekana hata la mbwa usilitoe, kwa sababu kijiji chetu kina nyumba kumi na moja na mbwa wetu anajulikana.

Shangazi, katika miaka thelathini na minne ya ndoa yangu watu wananijua mimi ni mtu wa chai. Harusini chai, msibani chai, na mwaka mpya wanaume wanapomiminiwa wiski zao mimi husimama na birika mkononi nikasema, "Mimi chai tu, asante." Mwaka juzi nilimsema mume wa jirani yangu Seonag mbele ya watu, kwa sababu alitoka harusini akakutwa amekumbatia nguzo ya uzio anaiita shemeji. Nilimsema sana. Nataka ujue hilo kabla sijaendelea, usije ukadhani nakuficha kitu.

Sasa sikiliza. Mwezi wa kumi na moja, siku ile ya dhoruba ya kwanza, Mairead alipiga simu akasema, "Mama, mwaka mpya nimepangiwa zamu, sitaweza kuja," nami nikamwambia hakuna neno mwanangu, wagonjwa nao ni watoto wa watu, nikakata simu, na saa kumi jioni ilikuwa imefika na nje giza tii, maana kisiwani kwetu majira ya baridi jua huwahi kuzama, mvua ya barafu inapiga dirisha kama mtu anayetupa mchele, Tormod yuko zizini na kondoo, nikajikuta nimesimama mbele ya kabati la vyombo vya wageni, na ndani ya kabati kuna chupa ya wiski ya wageni, na sijui mkono uliinukaje. Nilichukua kikombe cha yai. Glasi ndogo ingeonekana imeoshwa ikaleta maswali, lakini kikombe cha yai Tormod hukitumia kila asubuhi na hakuna mtu duniani aliyewahi kuuliza kwa nini kikombe cha yai kimelowa. Nikamimina, nikaongeza tone la maji ya moto ya birika, nikakaa karibu na moto.

Shangazi, nisikudanganye, ilikuwa tamu. Ilinukia moshi wa moto wetu wenyewe, wa udongo mweusi tunaoukata kinamasini wakati wa kiangazi, na nyuma ya moshi kulikuwa na asali, na ilishuka taratibu kama mtu anayepita chumba kwa chumba akiwasha taa. Miguu ikapata joto. Nikachukua soksi niliyokuwa nafuma na kabla sijajua nilikuwa naimba. Majira ya baridi yaliyopita, Mairead alipohama tu, nilikuwa nakaa kiti hiki hiki jioni bila hata kuwasha taa, Tormod akiingia ananikuta gizani, tunakula, hatusemi kitu. Basi mwaka huu nikasema kikombe kimoja kila jioni si dhambi kubwa, ila Jumapili hapana, Jumapili sigusi, hilo nimelishika.

Siku ya tatu nikaingiwa na woga kwamba wageni wa mwaka mpya watakuta chupa tupu, nikachukua penseli nikachora mstari mdogo ukingoni mwa karatasi ya chupa, pale wiski ilipofikia, ili nijue napunguza kiasi gani. Jioni ile nikanywa kikombe changu. Kesho yake nikaangalia, wiski iko kwenye mstari. Nikasema nimechora vibaya. Nikanywa. Kesho yake, kwenye mstari. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tano, Shangazi, nakunywa jioni na kesho yake chupa iko pale pale kama hakuna aliyeigusa. Siku moja nikaijaribu, nikanywa vikombe viwili, nikalala usingizi mzito sana, na kesho yake ikawa kwenye mstari. Na ladha ni ile ile, si maji, si chai.

Ila kuna jambo moja ndilo lililonitetemesha. Kila Jumapili nikichungulia, wiski iko chini ya mstari, imepungua kile kikombe cha Jumamosi. Jumatatu inajaa tena. Jumapili haijazwi kamwe. Shangazi, hicho kinachojaza chupa kinashika Sabato.

Ndipo nikamjua. Ni mama mkwe wangu, marehemu Gormal. Alifia nyumba hii, kabati lilikuwa lake, na alikuwa mtu wa Sabato kuliko mchungaji, Jumamosi jioni alikuwa anamtenga jogoo na majike mpaka Jumatatu. Lakini Gormal alichukia pombe, kwa nini anijazie? Nadhani ananijaribu. Anahesabu vikombe, aone nitafika wapi, kisha anitoe hadharani. Hata akiwa hai ndivyo alivyokuwa, aliniacha nitie chumvi mara mbili kwenye uji wa watu wazima saba halafu ndipo akasema.

Nilimuuliza Seonag kwa mbali, "Wewe unaamini wafu wanarudi?"

Akasema, "Kwa baridi hii? Nani arudi?"

Na Tormod naye si mzima, nahofu amemwona mama yake. Amepata tabia ya kugonga viatu ukutani kabla ya kuingia, mara tatu, mara nne, kuku wanaamka, halafu anakohoa, halafu anamgombeza mbwa kwa sauti, ndipo anaingia. Kwangu mimi hilo limekuwa baraka maana napata nafasi ya kusuuza kikombe, lakini juzi nilimuuliza.

"Tormod, mbona unagonga viatu hivyo?"

"Matope, mama Mairead."

"Ardhi imeganda kama jiwe tangu Jumatano, matope umeyapata wapi?"

Akafikiri. "Basi ni barafu," akasema.

Kila Alhamisi anakwenda mjini Stornoway kununua chakula cha kuku. Kuku wenyewe tisa. Anarudi na mfuko mdogo, anaupeleka zizini mwenyewe, nikitaka kumsaidia anasema ni mzito. Na asubuhi moja alifungua yai lake, akalinusa, akasema, "Yai la leo lina harufu ya sherehe. Hawa kuku wamekula nini?" Nikamwambia wamekula alichowaletea yeye. Akacheka mpaka akatoka nje. Mtu wa miaka sitini na mbili, analicheka yai. Mairead naye kwenye simu ameniambia, "Mama, siku hizi sauti yako ina joto. Unakula nini?" Nikamwambia uji.

Sasa Jumanne ijayo mchungaji na wazee wawili wanakuja kututembelea kwa mwaka mpya, na nimeamua nitamwomba mchungaji aliombee kabati, mbele ya Tormod na wote, nieleze kila kitu na nitubu. Usiku silali. Nilitaka kuimwaga yote, nikaipeleka mpaka kwenye sinki, nikashindwa, niliona kama namtupa mgeni nje kwenye theluji. Je, nimwite mchungaji aliombee? Na Tormod akijua amekaa miaka yote hii na mwanamke wa "chai tu" ambaye anakunywa kwenye kikombe chake cha yai, atanitazamaje?

Ni mimi mwenye wasiwasi,
Mama wa Kikombe cha Yai

*

Mama wa Kikombe cha Yai,

Majina yote nimeyabadilisha, hata la marehemu, na la mbwa wako nimelifuta kabisa. Kucheka nimecheka, tena kabla ya mwisho, unisamehe. Barua imenifikia Jumatano, gazeti linatoka Ijumaa, na mchungaji anakuja Jumanne, kwa hiyo sitazunguka.

Kaa chini. Mwache mama mkwe wako apumzike. Kama angeweza kurudi, mwanamke aliyemtenga jogoo na majike asingekuja kukumiminia wiski siku sita kwa wiki. Angekuja siku ya kwanza, angesimama nyuma ya kiti chako, na ungejua.

Haya, nijibu mwenyewe maswali haya. Nani mwingine katika nyumba hiyo anashika Sabato? Nani anajua chupa iko wapi? Nani anakwenda mjini kila Alhamisi kwa ajili ya kuku tisa? Mama, mimi nimefuga kuku maisha yangu yote. Kuku tisa hawali mfuko kila wiki, na mfuko mdogo hauwi mzito isipokuwa ndani yake kuna kioo. Nenda zizini, angalia nyuma ya chakula cha kuku. Utakuta chupa nyingine za aina ile ile, nazo zimepungua vikombe vyako vyote. Na ule mstari wako wa penseli ulidhani unamsaidia nani? Ulimchorea mumeo mahali pa kujazia.

Viatu navyo unasema ni ugonjwa. Mtu anasimama nje kwenye baridi ya kukata masikio, anagonga viatu visivyo na matope, anakohoa bila kikohozi, anamgombeza mbwa ambaye hajafanya kosa, ili mkewe apate muda wa kusuuza kikombe asiaibike. Wewe unataka kumwitia mchungaji.

Sasa nikugombeze kidogo, maana unahitaji. Umeandika kurasa nne, na jambo kubwa umelipitisha katika mstari mmoja, kwamba mwaka jana ulikuwa unakaa gizani. Umelipita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Mumeo hakulipita. Alikuwa anaingia jioni zile, anakuona, na hakujua aseme nini, kwa sababu ni mwanaume wa kisiwa hiki na hawakufundishwa. Mwaka huu amesikia kutoka zizini mkewe anaimba. Amekwenda kuangalia chanzo, amekuta kikombe cha yai, na badala ya kuuliza, amekwenda dukani. Mzee wa kanisa, kila wiki, mbele ya foleni ya watu wanaomjua. Unafikiri mjini wanasemaje juu yake? Kuna mtu anaitwa mlevi kwa ajili yako, na hajajitetea kwa neno hata moja.

Kwa hiyo kabati lisiombewe. Ukifungua mdomo mbele ya mchungaji na wale wazee wawili, utakayemtoa hadharani si Gormal, ni Tormod, na ataacha kwenda Stornoway, na majira ya baridi yajayo mtarudi wote wawili gizani. Jumanne wamiminie wageni kama kawaida. Kama una neno la kumweleza mchungaji, atasubiri mpaka siku nyingine, mkiwa wawili.

Vikombe viwili kwa jioni moja usirudie, ule usingizi mzito ulikuwa onyo. Kimoja kinatosha, na siku ambayo huna hamu nacho kiache. Mairead mpigie simu umwambie kwamba umemkumbuka, kwa maneno hayo hayo, usimwambie uji. Na mume wa Seonag unadaiwa kuomba radhi. Mwite, mpe glasi moja, na ukae mbali na uzio.

Lakini kwanza kuna Jumatatu. Usingoje ipite. Saa kumi na moja jioni, toa kwenye kabati glasi mbili za wageni, zile nzuri. Kikombe cha yai kiache kiwe cha yai. Futa mstari wa penseli. Mimina mbili, weka birika karibu, kaa kwenye kiti chako, na utakaposikia viatu ukutani, usisimame, usisuuze chochote. Akiingia akashtuka, mwambie tu, "Nilikuwa nakungoja." Usieleze. Anajua yote kuanzia mwezi wa kumi na moja, pengine kuliko wewe.

Na wewe mzee, najua unasoma ukurasa huu, mnasema nyote kwamba mnatafuta bei za kondoo. Jumatatu jioni gonga viatu mara moja tu, kisha uingie.

Shangazi Marsaili