Mwandiko Wako Katika Kitabu cha Mlimani

Jumanne, tarehe 18 Februari

Shangazi Gudny mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua hakikusumbui tena. Sisi hatujambo. Naahidi kukueleza kila kitu, bila kuruka hata neno.

Ni likizo ya baridi, tuko kwenye nyumba yetu ya mlimani. Asubuhi Baba alikuwa anatoka kwenda kuteleza kwenye theluji. “Torunn, toka nje! Utaota kuvu kama mkate!”

“Niache Baba, niko Lisbon.”

Akacheka, akaenda zake. Na kweli nilikuwa Lisbon. Nilikaa karibu na jiko na vitabu vitatu vya safari, ramani, na barua yako ya tarehe 14 Oktoba kutoka huko: treni ndogo ya manjano inapanda kilima, dagaa wa kuchoma, jua mgongoni. Nahesabu wiki hadi Juni, utakaponichukua tusafiri pamoja kama ulivyoahidi.

Kisha nikafungua kitabu cha nyumba. Unajua kwetu: halali mtu hapa bila kuandika tarehe, hali ya hewa na alichokula. Kwa kawaida Baba ndiye huandika. Leo nikataka kuandika mimi, nikafunua kurasa za nyuma nione wengine huandikaje.

“14 Oktoba. Nyuzi tatu chini ya sifuri, upepo wa kaskazini. Supu ya njegere. Panya mmoja.”

Shangazi, ni mwandiko wako! Na mwaka juzi pia, Oktoba ile uliyosema uko Sisilia. Nimesoma mara tano. Ni kama barafu ya ziwa imepasuka nikiwa nimesimama katikati.

Barua hii naituma kama kawaida kwa sanduku la posta ulilotuachia, rafiki yako akufikishie popote ulipo. Ulikuwa wapi?

Binti wa kaka yako,
Torunn


Tarehe 24 Februari

Mwanangu Torunn,

Marahaba. Kifua kimetulia. Barua yako niliisoma nimesimama, koti sijavua.

Mwandiko ni wangu. Nilifika bandarini Bergen, nikaiona meli, miguu ikakataa. Na nilikuwa nimeshajitapa mbele ya baba yako: “Naizunguka dunia, wewe baki na mbuzi wako!” Ningerudi na uso gani? Nimepanga chumba mjini, hapo bondeni, nauza mikate. Niliyokuandikia niliyatoa vitabuni, na rafiki yangu mpishi wa meli akazitia barua posta huko ugenini. Kila Oktoba, siku aliyozaliwa mama yetu, mimi hupanda mlimani kulala pale alipopapenda. Na kile kitabu, mwanangu, nilishika kalamu kabla sijafikiri. Nani alale kule asiandike?

Usimwambie baba yako. Atanicheka mpaka kaburini.

Shangazi yako,
Gudny


Tarehe 1 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi afya ninayo, ila siku mbili nilikukasirikia, nikang’oa pini zote za safari zako kwenye ramani.

Sikumwambia Baba, naapa. Aliiona bahasha mezani akautambua mwandiko, na muhuri wa posta ni wa mjini, hapo bondeni. Nikangoja kicheko.

“Kwa hiyo amekuambia,” akasema.

“Baba! Ulijua?”

“Kitabu naandika mimi kila tukifika. Unadhani sijui kusoma?”

Nilikaa chini sakafuni. “Kwa nini hukusema?”

Akafuta miwani, ingawa ilikuwa safi. “Mtu akikuambia yuko Lisbon, mwache awe Lisbon. Oktoba ilipokaribia nilimpasulia tu kuni nyembamba, nikaziacha kando ya jiko. Kiganja chake kibovu, hakiwezi shoka, na mimi huchoma magogo mazima.”

Miaka miwili, Shangazi! Dakika arobaini kwa basi kutoka kwetu! Nikamwambia akuandikie. “Yeye ndiye aliyeondoka,” akanijibu. Nyote wawili ni wakaidi kuliko mbuzi.

Juni bado naitaka. Tutapanda meli pamoja, nitakushika mkono. Lakini kwanza nijibu kwa posta ya kwanza: Oktoba, ulipozikuta zile kuni nyembamba kando ya jiko, ulidhani ni nani amekupasulia?

Binti wa kaka yako,
Torunn